Kuku Mweupe

Kitale. Jumatatu, 20 Januari 2025

Baridi ya kuuma masikio. Ukungu umelala uwanjani mpaka karibu saa tatu.

Mtoto mpya gredi ya tano. Msichana. Ametoka Turkana, mbele ya Lodwar, amekuja kukaa kwa shangazi yake hapa mjini. Sweta ya kuazima, mikono imempita vidole. Alipoingia darasa zima liligeuka kwa pamoja kama shamba la alizeti. Nikasema kwa sauti, mgeni ni kuku mweupe, nikaifanya somo papo hapo: nani anajua maana? Mikono mingi juu. Somo zuri, nilidhani.

Nilimuuliza ameionaje Kitale. Akafikiri kweli, hakukimbilia jibu. Akasema, "Mwalimu, mlima uko karibu na hakuna anayeutazama."

Watoto wakacheka. Saa nne nilitoka nje na chai yangu nikautazama. Mlima Elgon wote, ukungu umeshapanda, buluu mpaka juu kabisa. Miaka kumi na mmoja nafundisha hapa. Sikumbuki mara ya mwisho kuutazama bila kutafuta dalili ya mvua.

Masimulizi watakayotoa watoto kwenye tamasha bado sijayaandika. Nimejichagulia mwenyewe: mgeni asiye na hatia anaingia mjini, wenyeji waliochoka na kila kitu wanaanza kushangaa tena. Nina kichwa. Mwili sina.


Jumatano, 22 Januari

Kurasa mbili, nimezichana. Mgeni wangu anashangaa taa za barabarani. Anashangaa simu. Anashangaa maji yanayotoka ukutani. Kila aya anashangaa tu, na mwishoni wenyeji wanalia na kukumbatiana. Uongo. Nausikia uongo kwenye ncha ya kalamu.

Ndipo nikamkumbuka Maruge. Kimani Ng'ang'a Maruge. Eldoret hapo, Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Januari 2004, umri miaka 84, darasa la kwanza. Elimu ya bure ilikuwa na mwaka mmoja tu. Aliikata suruali ikawa kaptula, akavuta soksi mpaka magotini, akakaa dawatini na watoto wa miaka sita. Picha yake ilifika bwenini kwetu kwenye gazeti, ikapita mkono kwa mkono hadi karatasi ikalainika kama kitambaa. Nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa nataka kuacha shule. Sikuacha.

Sote tulimsimulia kama mtoto mkubwa, moyo mweupe. Lakini mzee alisema wazi anachotaka. Asome Biblia kwa macho yake, ajue kama wahubiri wanamwambia kweli. Ajue hesabu, fidia ya wapigania uhuru ikija asipunjwe. Huyo ni mtu aliyekuwa msituni na Mau Mau. Dunia aliijua vizuri mno.

Kwa nini basi tunasisitiza hakujua?

Nimeandika swali hili pembeni ya daftari la masimulizi. Sijalijibu.


Bungoma. Jumamosi, 25 Januari

Nissan kutoka Kitale saa moja asubuhi. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. Vumbi la Januari limepaka migomba yote rangi moja. Webuye nilitazama mabomba ya kiwanda cha karatasi, kama ninavyoyatazama kila mara. Zamani ungeijua Webuye ukiwa umefumba macho, kwa harufu. Tuliitukana ile harufu. Siku hizi watu wanaitamani.

Mayi, mama yangu, yuko nje anapukuchua mahindi. Mulembe, mayi. Mulembe, mayi. Ananiita mayi nami namwita mayi, kwa sababu jina langu ni la mamake. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote duniani ni mama wa mama zao.

Tumekaa mpaka jua limeshuka. Kaniletea mukombero wa kutafuna, akaniuliza naandika nini siku hizi. Nikamwambia hadithi ya mgeni. "Basi ni Mango," akasema, kama mtu anayetaja jirani.

Hadithi ya Mango. Nimeisikia tangu kabla ya kujua kusikia, lakini leo ilikuwa na kitu. Barwa, majirani zetu, wanawacheka watu wetu, wanawaita watoto, kwa kuwa hawajatahiriwa. Na Barwa hao hao wana nyoka, Yabebe, kwenye pango la Mwiala, anakula watu na mifugo. Hapo Mayi akaweka neno ambalo sikumbuki kulisikia utotoni: "Walikuwa wameshazoea kuzunguka." Yaani njia iliyopita pangoni waliiacha. Wakakata njia nyingine ndefu. Watoto waliozaliwa baadaye wakadhani hiyo ndefu ndiyo njia.

Akaja Mango. Wakamwambia kwa dhihaka, umuue nyoka, nasi tutakutahiri. Akaingia pangoni akamngoja, akamkata. Wakamtahiri kweli. Na hadi leo tohara yetu ni kila baada ya miaka miwili, mwezi wa nane. Mwana wa kaka yangu alisimama Agosti iliyopita, hakupepesa.

Nikamuuliza Mayi, alithubutu kwa sababu alikuwa mgeni? Hakujua ukali wa yule nyoka?

Akaacha kupukuchua.

"Alijua. Nani asiyejua nyoka? Alikuwa amechoka kuchekwa."


Jumapili, 26 Januari

Niko kwenye gari la kurudi. Naandika kwa kutetemeka, barabara. Kuzunguka. Neno hilo limekaa kifuani. Najiuliza mimi mwenyewe nimezunguka pango gani mpaka nikasahau ni pango.


Kitale. Alhamisi, 6 Februari

Tumewapeleka gredi ya tano Makumbusho ya Kitale. Siku njema kuliko zote za mwezi huu.

Niliwaeleza njiani: mlowezi wa Kiingereza, Luteni Kanali Stoneham, alikusanya vitu hapa kuanzia miaka ya 1920, wadudu, ndege, vitabu, vyombo vya watu. Makumbusho ya taifa yakafunguliwa 1974. Hawakusikiliza, walitaka nyoka. Nyoka wakawatazama. Mamba wakamtazama. Kelele za kutosha.

Kisha ndani. Yule msichana alisimama mbele ya kigoda kidogo cha mbao, akakwama hapo. Wenzake walipita, wakarudi, yeye yupo tu. Mwongoza wageni, kijana mpole, akamuuliza kama anakijua.

"Ni ekicholong."

Akaulizwa ni cha nini. Nilidhani atanong'ona. Alieleza kama mtu mzima. Unakikalia, na usiku unakiweka chini ya shingo, nywele zisiguse mchanga. Mwanamume akitoka na mifugo anakibeba mkononi, hakiachi. Babu yake anacho. Babu hampi mtu. Akaonyesha kwa mkono namna kinavyoshikwa, vidole viwili, na mkono wake mwembamba ule ukabadilika ukawa mkono wa mzee. Wavulana wangu wakorofi, kimya. Mwongoza wageni akamshukuru, akamwomba arudie ili waliokuwa nyuma wasikie.

Halafu akauliza yeye: "Mwenye hiki analalia nini sasa?"

Hakuna aliyemjibu. Nimepita pale mara ngapi na madarasa mangapi? Kwangu vilikuwa vitu. Leo nimeona shingo ya mtu.

Natamani kuandika zaidi lakini mkono umechoka. Nimefurahi. Niandike hivyo tu: nimefurahi.


Ijumaa, 7 Februari, usiku

Mwanangu kaipata kwenye simu ile filamu ya chupa ya soda, anacheka mpaka kikohozi. Ya mwaka 1980, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini. Chupa tupu inadondoka kutoka kwenye ndege, inaangukia watu wa Kalahari, mmoja wao, N!xau, anatembea kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Tuliiona kanisani, shuka ukutani, jenereta nje. Baba alicheka hadi akafuta machozi, nami nilimpenda N!xau kama mjomba.

Leo nimekaa kando ya mwanangu na sijacheka vile. Ile filamu ilivuna mamilioni, na yeye, inasemekana, mwanzoni alipata mia chache tu za dola. Walipomrudia kwa ajili ya filamu iliyofuata, aliwatajia bei, tena kubwa. Alifariki 2003, kwao Namibia. Hilo la bei ndilo ningelipiga picha. Mtu waliyemwonyesha dunia nzima kama asiyejua fedha ni nini, anaketi chini na kusema: safari hii, hapana.

Nilimweleza mwanangu. Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anaigiza?" Ndiyo, nikasema, alikuwa anaigiza kazi yake. Akafikiri. Akasema basi ni mwigizaji hodari. Sikuwahi kulifikiria hilo. Tulimsifu kwa utoto wake, hatukumsifu kwa kazi yake.

Maruge, Mango, N!xau. Wote watatu walijua. Sisi ndio tuliohitaji wasijue, maana kama mtu anajua kila tunachokijua na bado anataka, anaamini, anaingia, basi sisi tuliochoka hatuna kisingizio.

Hilo ndilo jibu la swali la pembeni. Nimeandika masimulizi upya mpaka saa saba. Mgeni wangu sasa anauliza maswali mawili tu: hii ni bei gani, na kwa nini mnazunguka.


Jumanne, 18 Februari

Siku mbaya. Mbaya.

Wanamwita Kuku.

Nimemkuta nyuma ya choo cha wasichana, uso ukutani. Hakutaka kusema. Mwenzake ndiye aliyesema. Kuku, njoo. Kuku, taga. Kuku amekula? Tangu wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza! Na mimi napita darasani kila siku na chaki yangu.

Walipata wapi? Kwangu. Mimi ndiye niliyelitoa neno mbele yao, nikaomba mikono juu, nikampongeza aliyejibu vizuri zaidi. Sikumtazama yeye hata mara moja wakati nikifundisha. Nilikuwa natazama methali.

Sijaweza kula. Baba watoto anasema ni utani wa watoto utapita. Hautapita. Mimi mwenyewe niliitwa jina shule ya msingi, bado nikilisikia sokoni nageuka.

Na masimulizi yamerudishwa. Mwenzangu mmoja aliyeyasoma anasema mgeni wangu ni mkali mno, waamuzi hawatampenda, nimfanye asiye na hatia, awachekeshe. Siku nyingine ningebishana. Leo nilimwambia tu sitabadilisha.


Jumatano, 19 Februari

Nimeomba radhi mbele ya darasa. Nilisimama, nikasema neno lile nililitoa mimi, nililitumia vibaya, na anayelitumia sasa ananitumia mimi kama kisu. Nikamwomba msamaha yeye kwa jina lake kamili, majina yote matatu.

Akasimama. "Ndiyo, mwalimu." Akakaa. Akatazama dirishani, kule kwenye mlima.

Sijui kama hiyo ni ndiyo ya kusamehe au ndiyo ya kumaliza mazungumzo. Ni haki yake nisijue.


Jumamosi, 22 Februari

Tamasha la kaunti ndogo. Hatukupita. Watoto walisimulia vizuri, sauti zilifika nyuma ya ukumbi. Pale kwenye "kwa nini mnazunguka" kuna mama mmoja, mgeni kabisa kwangu, aliyesema "eeh" kwa sauti, peke yake. Nimekuja nyumbani na ile "eeh".


Bungoma. Jumamosi, 1 Machi

Mayi ameniuliza habari za "yule mtoto wako". Si wangu, nikasema. Akanitazama.

Nimemsimulia yote, na la kuku. Nilitaraji anifariji. Hakunifariji. Alisema watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wanapenda ule mwanzo tu, mgeni njoo. Kupona hawataki, maana kupona kunauma, unaambiwa ulikuwa mgonjwa.

Kisha akanipa kuku wawili niende nao Kitale. Na mahindi. Na akasema nisimpe mtoto yule huruma, nimpe kazi. "Mgeni siku mbili. Ya tatu?"

Mpe jembe, mayi.

"Wewe umekaa naye siku ngapi?"


Kitale. Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya maana, nayo ikaja na mawe. Saa nane mchana, mabati yakaanza kupigwa, hatukusikiana. Watoto wote chini ya madawati wakipiga kelele, nami nikihesabu vichwa. Kimoja hakipo.

Yuko nje kwenye baraza, kikombe cha uji mkononi, anaokota mawe ya barafu. Moyo ukanipasuka kwa hofu, na pamoja na hofu kitu kitamu pia, nikiri: nikasema moyoni ndiyo hii, anashangaa, mtoto hajaona barafu. Nilishaanza kuiandika sentensi kichwani. Sijajifunza kitu.

Mvua ilipopungua nilimfuata. Kikombe alikuwa amekiweka juu ya ukuta mfupi, anangoja mawe yayeyuke.

"Nataka kujua, mwalimu. Kikombe kimejaa mawe. Maji yatakuwa kiasi gani?"

Tulingoja pamoja. Ikawa nusu na kidogo. Akatikisa kichwa kama mfanyabiashara aliyepunjwa kwenye mizani. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye mfereji wa paa. Mfereji unamwaga maji chini, palipochimbika shimo. Tangi liko hatua nne kutoka pale. Paipu ilikatika kwenye kona, haifiki.

"Kwa nini mnaacha?"

Nilifungua mdomo. Paipu ile imekatika tangu kabla ya korona. Kila kiangazi watoto wanakuja na mitungi kutoka nyumbani, wengine kutoka mtoni, na tumeiweka hata kwenye ratiba, Jumatatu na Alhamisi, leta maji. Tumeizoea. Gredi ya kwanza wanadhani shule zote duniani mtu huenda na maji.

Nikamwambia, "Tunazunguka." Hakuelewa. Mimi nilielewa.


Jumatano, 12 Machi

Nimeuliza ofisini. Kuna barua iliandikwa. Barua haina jibu. Fedha hazijafika. Najua, na ni kweli hazijafika. Lakini ni kona moja ya paipu.

Shangazi yake amekuja kumchukua jioni, nikamsalimu. Ameniambia kwao maji yanachimbwa mtoni, kwenye mchanga mkavu, unafika kina cha kifua cha mtu ndipo unapata, na mtoto huyu ndiye aliyekuwa akiingia shimoni kwa kuwa mwembamba. Anayateka kwa kikombe. Kikombe kimoja kimoja mpaka mtungi unajaa.

Kikombe. Nami nilidhani ni ajabu ya barafu.


Ijumaa, 14 Machi

Kona ya paipu, shilingi 150. Waya na misumari ya bati, 200. Ngazi ya jirani, bure. Baba watoto alipanda, mimi nilishika ngazi. Wavulana watatu walibaki kusaidia, mmoja wao ni yule aliyeanza la kuku, sikumwita, alikuja mwenyewe. Msichana alisimama chini akitoa amri: hapo, hapana, inua, maji hayapandi mlima. Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumeifunga kichwa chini.

Mvua ikanyesha saa kumi na moja. Ndogo tu. Tukasimama sote chini ya baraza tukisikiliza tangi likipigwa kutoka ndani. Hakuna aliyesema kitu. Yule mvulana akaweka sikio kwenye tangi, na wengine wakaweka, na mimi nikaweka.


Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi tangi liko robo. Nimefuta "leta maji" kwenye ratiba ya Alhamisi. Jumatatu nimeiacha kwanza, tuone mwezi wa nne.

Nimebandika orodha mpya ya zamu mlangoni. Jina lake liko la tano. Jumatano: kufagia darasa, kufuta ubao, kufunga bomba la tangi.